Mwaka wa Makosa Sifuri

Baba mkwe wangu tulimzika Jumamosi, na mvua ya Tukuyu, ambayo haijawahi kumwonea haya marehemu wala mfiwa, ilinyesha tangu sala ya kwanza mpaka udongo wa mwisho. Jioni yake watu walikuwa wamejibanza chini ya maturubai wakila wali na nyama, na mtoto wa shemeji yangu akanijia na karatasi na kalamu. "Mama mkubwa, kesho kanisani watasoma maisha ya babu. Ile sehemu ya hospitali andika wewe, maana ndiwe uliyefanya naye kazi." Nilimwandikia mistari minne. Kwamba alikuwa mfamasia wa hospitali ya misheni kwa miaka mingi. Kwamba alikuwa mwangalifu. Kwamba akina mama wa vijijini walimwamini. Kwamba alistaafu. Yote ni kweli isipokuwa hilo la mwisho, na tangu lisomwe pale mbele limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mimi ni mtu wa kompyuta, sikuzoea kuandika mambo ya moyoni, lakini mwaka ule nitauandika kama nilivyouishi, na asiyependa aukunje auweke.

Jina lake sitaliandika hata hapa. Kwetu Wanyakyusa mke hamtaji baba mkwe wake, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja wala hasemi naye. Akimwona anakuja njiani anakwepa pembeni migombani, na asipopata migomba anageuka akampa mgongo. Tunaita ukutila. Wengi siku hizo walikuwa wameanza kulegeza, hasa waliosoma, na mume wangu Lugano, aliyekuwa akifundisha Mbeya na kurudi mwisho wa juma, alinitania kwamba baba yake haumi. Lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeolewa miezi minane tu, na nilitaka kuonekana mkwe mwema kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Basi nilishika mila kwa mikono miwili. Mpaka leo nikifumba macho naisikia sauti ya mzee yule neno kwa neno, lakini ukiniuliza pua yake ilikuwaje, nitakwambia kaulize wengine.

Ulikuwa wakati ambao kila kitu kilikuwa kinafunguliwa na kuuzwa. Pale Ibighi maduka yalichipua kama uyoga, na dawa ya malaria iliuzwa kaunta moja na biskuti na betri za redio. Mashamba ya chai yalikuwa yanatafutiwa wenyewe. Hospitalini msaada ulipungua, nasi tukajifunza neno jipya, kupunguzwa. Makarani wawili waliokuwa wakiandika lebo za dawa kwa mkono, watu wazima wenye hati nzuri, walipunguzwa siku moja, na mahali pao ikawekwa kompyuta na mimi. Sikuwafukuza mimi, lakini nilikalia kiti cha mmojawao, na mto aliouacha juu ya kile kiti ulikuwa bado na umbo lake. Wauguzi walisema, nami nikasikia kupitia ukuta wa mbao, "Huyo mke wa Lugano amekula viti viwili kwa makalio mamoja." Walicheka. Mimi pia ningecheka kama ningekuwa upande wao wa ukuta.

Chumba changu kilikuwa stoo nyuma ya dirisha la dawa. Upande mmoja makasha ya dripu mpaka darini, upande mwingine meza yenye mashine mbili, na katikati nafasi ya kutosha mtu mmoja mwembamba. Kulinuka spiriti na ukungu. Dirisha lilikuwa dogo na juu, likaonyesha mawingu tu, maana Mlima Rungwe huwa haupendi kuonekana. Kati yangu na chumba cha mfamasia palikuwa na tundu la mraba ukutani lenye kibao cha kusukuma, na kwenye ukingo wake sinia la bati. Lebo nilizochapa niliziweka kwenye sinia. Yeye akitaka jambo aliandika kijikaratasi akakiweka hapo hapo, nami nikajibu nyuma ya kijikaratasi hicho hicho. Vile vya zamani alivichoma kwenye msumari juu ya meza yake. Kwa maneno yasiyoandikika palikuwa na Neema, msaidizi wake, msichana wa Suma mwenye mdomo mwepesi, aliyechungulia tunduni na kusema, "Anasema hivi," au kugeuka na kusema, "Anajibu hivi," hata pale ambapo sote tulikuwa tumeshasikiana. Saa nne aliniletea chai ya maziwa na magimbi ya kuchemsha, akakaa juu ya kasha kula nusu ya magimbi yangu, akinipa habari za hospitali nzima.

Ile programu ya lebo haikuwa yangu. Iliandikwa na kijana aitwaye Ipyana, aliyeifanyia kazi miezi mitatu na kisha akachukuliwa na kampuni moja Dar es Salaam, kama vijana wote waliojua kitu mwaka ule. Unaingiza jina la mtoto, uzito na dawa, nayo inatoa lebo: siku ya kwanza mililita kadhaa, ya pili kadhaa, ya tatu kadhaa. Kazi aliyoniachia ilikuwa kuipima. Alikuwa ameandika orodha ndefu ya watoto wa kubuni, uzito wao na majibu sahihi, ambayo baba mkwe aliyakokotoa mwenyewe kwa penseli. Programu ilipaswa kuulizwa kila mtoto, na jibu lake lilinganishwe na lile la penseli. Kulinganisha kulifanywa na vijiprogramu vifupi vya amri, tukiviita visaidizi, ambavyo viliandikwa kwa lugha ya ile sheli, yaani programu inayopokea amri unazochapa na kuzitekeleza. Nilipomweleza Neema kwamba naandika sheli aliniuliza kama hospitali sasa itauza petroli. Visaidizi vyangu nilivipa majina ya Kiswahili. Kimoja kiliitwa linganisha, kingine hesabu, kingine safisha cha kufuta mafaili ya muda.

Ugumu ulikuwa kwamba mashine zilikuwa mbili na hazikufanana. Moja ilikuwa kuukuu, nzito, yenye kioo cha kijani, iliyokuja kwa meli kutoka Ulaya. Nyingine ilikuwa mpya, ilinunuliwa Dar, ikatengenezwa na fundi mgeni wa kujitolea aliyepita wiki moja na kuondoka. Ipyana alikuwa ameniandikia kwa kalamu nyekundu: "Kisaidizi kikifanya kazi kwenye mashine moja tu, hujaandika kisaidizi. Umebahatisha." Nikajifunza kwa shida. Uliiambia kuukuu iandike neno bila kushuka mstari, ikatii. Uliiambia mpya vile vile, ikaandika neno pamoja na agizo lenyewe, kama mtoto unayemtuma kwa jirani akafika akasema, "Mama amesema nisalimie halafu niombe chumvi halafu nisiseme tuna wageni." Kwa hiyo kila amri niliipima huku na huku, nikatafuta ile inayoeleweka na zote. Miezi ilipita hivyo. Niliipenda kazi ile. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuwa na mahali pangu ambapo nikisema jambo linafanyika.

Majibu yalikuwa mengi, na karatasi ya printa haikupatikana kwa urahisi, basi nikafanya visaidizi vinyamaze mpaka mwisho na kutoa mstari mmoja tu. Kwenye mashine kuukuu mstari ule mwanzoni ulisema makosa kumi na saba, nikarekebisha, yakawa manne, nikarekebisha, yakawa sifuri. Nikahamia mashine mpya, nikaendesha visaidizi vile vile. Makosa: 0. Nilichapa mstari ule kwenye karatasi safi nikauweka kwenye sinia. Nilisikia baba mkwe akiuchukua, kiti kikilia, kisha sauti yake ikisema taratibu, "Neema, mwambie ahsante." Siku hiyo nilitembea hadi nyumbani kwenye mvua bila mwavuli, na sikuona baridi.

Feni ya mashine kuukuu ilipokufa, lebo zikahamia mashine mpya. Baada ya siku chache nikakuta kijikaratasi kwenye sinia. Hati yake ilikuwa ndogo, iliyosimama wima. "Nukta haionekani. Mashine inaweka nukta?" Lebo ya mfano ilikuwa imebandikwa pembeni, siku ya tatu, na kwa kweli palionekana tarakimu mbili zimekaa karibu karibu kwa wino mweupemweupe. Utepe wa printa ulikuwa umechakaa, hilo kila mtu alilijua, hata majina ya watoto yalitoka yamekatika. Mtu mwingine yeyote angeingia mlangoni na lebo mkononi, akaniwekea kidole pale, akasema hebu fungua tuone. Yeye hakuweza kuingia. Nami sikuweza kutoka. Nikafanya nilichoweza, nikaendesha visaidizi vyote tangu mwanzo. Makosa: 0. Nikageuza kijikaratasi nikaandika: "Nukta ipo. Utepe wa printa umechoka." Nikaona nimejibu vizuri.

Kutoka hapo nilikuwa nikisikia kalamu yake. Kila lebo iliyopita mikononi mwake ilipata kinukta kwa wino, tiki kwenye kitabu cha nakala, na maneno kwa mama aliyesimama dirishani: "Siku ya tatu nusu ya kijiko cha chai, mama. Nusu. Hebu niambie ni kiasi gani?" Naye mama angerudia, nusu. Nilisikia neno hilo mara nyingi kwa siku bila kulitia maanani, kama unavyosikia mvua.

Alhamisi moja, kabla ya saa nne, nilikuwa naongeza watoto wapya wa kubuni kwenye orodha. Mikono ilikuwa ya baridi. Kwa mtoto mmoja nilikusudia kuandika tano nikaandika saba, sikuona, nikaendesha. Makosa: 0. Nilikuwa nimeshaanza kufunga faili ndipo jicho likaangukia ile saba. Nilikaa nikiiangalia. Programu imetoa tano, jibu langu linasema saba, na kisaidizi kinasema hakuna kosa. Nikajiambia labda sikuhifadhi. Nikahifadhi, nikaendesha tena. Sifuri. Basi mahali pa jibu nikaandika neno ndizi. Mtoto wa kilo tano, siku ya kwanza, apewe ndizi. Makosa: 0.

Sijui niseme vipi nilivyoogopa. Nikaondoa ule mstari wa kunyamazisha ili kila mtoto aonekane, nikaendesha kwa kidole kimoja kwa sababu mkono mwingine ulikuwa umeziba mdomo. Neno KOSA lilishuka kwenye kioo, KOSA, KOSA, KOSA, yakapita yale ya juu yakapotea, yakaendelea, na chini kabisa, baada ya yote hayo, kwa utulivu: Makosa: 0. Baadaye nilielewa. Kwenye mashine kuukuu, kisaidizi cha kuhesabu kilikaa nyumba moja na wenzake. Kwenye mashine mpya, amri ile ile ilikitenga, kikahesabu peke yake katika chumba chake, kikahesabu sawasawa kabisa, na kilipomaliza kikafa na hesabu yake, bila kumwambia mtu. Lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule nilitazama makosa yenyewe. Ukiacha ile ndizi yangu, yote yalikuwa ya nusu. Yule fundi mgeni aliipanga mashine kwa desturi ya kwao, ambako mbili na nusu huandikwa kwa koma, si kwa nukta. Programu ya lebo haikuijua koma, ikaitupa. Mbili na nusu ikawa ishirini na tano.

Utepe haukuwa umechoka kiasi hicho. Nukta haikuwepo, haijawahi kuwepo, nami nilimwandikia kwamba ipo. Dawa ile ya malaria, kwa mtoto mchanga, ishirini na tano ni kifo. Hilo nililijua kwa sababu miezi yote ile nilimsikia mwenyewe akiwaonya akina mama kupitia ukutani.

Nilimwita Neema tunduni. Alikuwa amekwenda kunichukulia chai. Nikasikia baba mkwe anakohoa, yuko peke yake, na foleni ilikuwa bado haijaanza. Nilisimama nikakaa, nikasimama tena. Nakiri kwamba nilifikiria kumsubiri Neema. Nilihesabu: dakika tano za kwenda jikoni, tano za kupiga soga, tano za kurudi. Kisha nikajitanda kanga kichwani hadi usoni, nikafungua mlango, nikaingia chumba chake kwa mgongo, nikitazama mlango niliotokea. Nilisikia kiti kikisogea ghafla. Hata yeye aliogopa. Sikujua maneno yatatoka vipi, ila yalitoka hivi:

"Neema, mwambie baba kwamba nukta haipo. Mashine haiweki. Inaandika ishirini na tano."

Neema hakuwepo, sote tulijua hayupo. Baba mkwe akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Neema, muulize ni tangu lini."

"Neema, mwambie tangu tulipohamia mashine mpya. Nilimjibu vibaya. Sikujua."

Nilisikia droo ikivutwa, kurasa za kitabu cha nakala zikipinduliwa haraka. Alikuwa anatafuta tiki zake. Alisoma kwa kunong'ona, majina ya watoto na vijiji, huyu nilimwambia, huyu nilimwambia, huyu nilimwambia. Kisha ukurasa mmoja ukarudishwa nyuma. "Neema," akasema, na sauti yake sasa haikuwa ya kila siku, "mwambie yupo mmoja hana tiki. Jumanne, niliitwa wodini. Neema mwenyewe ndiye aliyetoa. Mtoto wa Suma, kilo tano. Jumanne, Jumatano." Alihesabu kwa vidole, nilisikia vikigonga meza. "Leo ndiyo siku ya tatu."

Pikapu ya hospitali iliendeshwa na bwana Salumu, Mwislamu wa mjini Tukuyu, ambaye nyumba yao ilikuwa na duka la vitenge na yeye mwenyewe alikuwa na mzaha usiokauka. Siku hiyo hakufanya mzaha. Baba mkwe alikaa mbele, nami nyuma kwenye bodi, nimeshika chuma kwa mkono mmoja na nakala ya lebo kwa mwingine, kanga imelowa ikaning'ang'ania. Kioo cha nyuma cha kebini kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo tulisikiana. Neema, aliyekuwa amerudi na chai, tulimwacha dirishani analia, basi kazi yake ikamwangukia Salumu.

"Salumu, muulize lebo inasema wampe saa ngapi."

"Dada, anauliza saa ngapi."

"Mwambie asubuhi, baada ya chakula."

"Mzee, anasema asubuhi." Salumu akatazama saa yake, kisha akakanyaga mafuta. Ilikuwa imekaribia saa tano. Barabara ya Suma ilikuwa tope jekundu, pikapu ikienda ubavuubavu, na mimi nilikuwa nikisali vibaya, maana nilimwomba Mungu mtoto awe hajala. Nilifikiri, wana njaa, wamechelewa kupika, moto umekataa kuni mbichi. Nikiwaona watu wamesimama pamoja kando ya njia nilidhani ni msiba. Walikuwa wachuma chai tu wamejikinga mvua.

Nyumba ilikuwa ya matofali, imezungukwa na migomba, na ua uliofagiliwa. Bibi mmoja alitoka, mtoto amefungwa mgongoni kwa kitenge, kichwa chake kimelala upande. Sikuona kama kichwa kile kinasogea. Baba mkwe alishuka kabla gari halijasimama. "Ndaga, mama. Dawa ya mtoto. Umempa ya leo?"

"Ndaga, taata. Nimempa," akasema yule bibi, na alionekana kufurahi kwamba hospitali imemfuata mpaka nyumbani. "Mama yake yupo shambani, dawa natoa mimi. Mimi nilisoma kisomo cha watu wasima, helufi sisijui lakini namba nasijua. Siku ya kwansa tano, kijiko kimoja. Ya pili tano, kijiko kimoja. Leo ishilini na tano, vijiko vitano. Nilihesabu mwenyewe."

Bwana Salumu alisema polepole jina la Mungu. Baba mkwe aliuliza, "Vyote vitano, mama?"

"Vitatu. Dawa kali, ametapika yote, na masiwa yote. Nikasema apumsike, nipike uji, halafu nianse upya." Akaonyesha ndani. Juu ya meza palikuwa na chupa, kijiko, na lebo yangu.

Tulimchukua mtoto na bibi yake. Nilikaa naye bodini, nimemfunika kwa kanga yangu kavu ya ndani, na njia nzima niliweka kidole chini ya pua yake. Alipiga chafya mara moja, nikalia. Walimlaza wodi ya watoto, wakamtundikia dripu, wakamsikiliza moyo kila baada ya muda, na kesho yake mchana aliomba kunyonya kwa sauti iliyofika mpaka stoo kwangu. Aliishi. Naliandika neno hili mara mbili, aliishi, kwa sababu kwa siku ile nzima na nusu sikuthubutu kulisema neno hilo.

Mashine niliitengeneza wikiendi hiyo. Niliirudisha kwenye nukta. Kile kisaidizi cha kuhesabu nilikitoa kwenye chumba chake, kikasoma orodha kutoka kwenye faili moja kwa moja, na hesabu yake ikabaki. Na juu ya orodha nikamweka mtoto mmoja wa kubuni ambaye jibu lake ni ndizi. Kila mara visaidizi vilipoanza, vilitakiwa kwanza vimkamate huyo. Visipomkamata, kila kitu kinasimama, hakuna lebo. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, katika ofisi zenye viyoyozi na vijana walionizidi elimu, na sijawahi kuanza upimaji wowote bila kosa la makusudi hapo mbele. Wananicheka. Wacheke tu.

Jumatatu palikuwa na kikao. Mganga mfawidhi mezani, baba mkwe kulia kwake, matroni, Neema, Salumu, na mimi kwenye benchi karibu na mlango, nimejitanda kanga, uso nimeuelekeza ukutani kama nilivyopaswa. Mganga alikuwa mtu mpole, lakini aliogopa pia, maana wafadhili wangesikia. Aliuliza swali moja tu, akaliuliza vizuri. "Nukta haikuonekana, na mliliona hilo. Nani alisema ipo?"

Niliujua msumari. Nilikijua kile kijikaratasi, na mwandiko wangu nyuma yake. Nilisikia vitu vikali vya mwaka ule vyote kwa pamoja: mto wenye umbo la mtu mwingine, wauguzi wakicheka, Lugano akiniuliza nimefanya nini. Nilijua kwamba nikifungua mdomo nitaondoka. Na nilijua naweza kufungua mdomo mbele yake, maana Alhamisi niliufungua. Ningeweza kusema, Neema, mwambie daktari ni mimi. Neema alikuwa amekaa mita moja kutoka kwangu.

"Ni mimi," akasema baba mkwe. "Niliona haipo, nikaiweka kwa kalamu. Kazi ya mashine nikaifanya kwa mkono, siku baada ya siku, na sikumwambia mtu. Binti huyu aliponiletea habari nilikuwa nimeshachelewa."

Mganga aliniangalia, nadhani, kwa sababu nilisikia kiti chake kikigeuka upande wangu. "Binti, una la kuongeza?"

Matroni akanijibia. "Daktari, huyu ni mkwe wake. Hawezi kusema mbele yake."

"Ah, samahani," akasema mganga. "Ni kweli. Tuheshimu mila."

Nikaitikia kwa kichwa. Baba mkwe walimpumzisha kazi siku hiyo hiyo, akiwa amebakiza miaka sita kustaafu. Aliweka funguo za dirisha la dawa mezani, akaaga kila mtu kwa jina, akapita karibu yangu kwenda mlangoni. Hatua zake zilisimama kidogo nyuma yangu. Nilikuwa na nafasi bado. Nikaukaza uso wangu ukutani, na kila aliyekuwamo chumbani akaona jinsi nilivyo na heshima.